Mihogo Tuliyoifuata Yangambi

Tangu nirudi, haipiti siku bila mmoja wenu kunishika mkono sokoni na kuniuliza, "Mama Kahindo, ilikuwa namna gani kule chini ya mto?" Nami nimekuwa nikijibu nusu nusu huku napima chumvi, na kila mmoja amekwenda nyumbani na kipande chake. Sasa nasikia mtaani kwamba tulipigwa risasi mara tatu, na kwamba Mama Odette alijitupa mtoni akaogelea mpaka Lubunga. Hakuogelea popote. Kwa hiyo naandika yote mara moja, mpokezane.

Sababu ya safari mnaijua, lakini huenda karatasi hii ikamfikia asiyeijua. Mihogo ya kwetu Tshopo, hapa Kisangani, ilikuwa inakufa. Majani yalijikunja na kutoka mabaka ya manjano, na ukichimba unakuta mzizi mwembamba kama kidole. Mto ulikuwa umefungwa kwa sababu ya vita, boti hazishuki wala hazipandi, malori hakuna. Mji mzima uliishi kwa kile kinachoota nyuma ya nyumba. Ndipo tukasikia, sisi wanawake wa kikundi, kwamba Yangambi, chini ya mto kule maji yanakoteremkia, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, kuna mama mmoja aliyetunza mihogo isiyoshikwa na ugonjwa huo. Wanaume wasingeweza kwenda. Mwanaume akionekana njiani alikamatwa abebe masanduku ya risasi, na wengi hawakurudi. Tukaenda sisi.

Tulikuwa watatu. Mama Odette, muuza samaki wa kukaushwa, mzaliwa wa Yanonge, ambaye mtumbwi kwake ni kama jiko kwangu. Wifi yake Fina, mwenye mikono ya kupiga kasia na maneno machache. Na mimi, mtu wa Butembo, muuza chumvi na maharage, nisiyejua kuogelea. Mlinichagua mimi kwa sababu ya Kiswahili changu. Askari wengi wa wakati ule walitoka mashariki, na Odette anaongea Lingala na lugha ya kwao. Kiswahili chake hukatika katikati.

Kutoka mjini hadi Yanonge

Tuliondoka asubuhi yenye ukungu, na kabla jua halijatoka vizuri nilikuwa nimelowa mpaka kiunoni. Mtumbwi ulivuja. Odette akanipa kopo akasema, "Wewe, chota maji. Usiangalie mbali." Nilichota maji saa baada ya saa, na kwa kweli kazi hiyo ilinisaidia, maana nilipoinua macho niliona vijiji visivyo na moshi. Watu walikuwa wamehamia msituni. Mahali pamoja mbwa alikimbia ukingoni akitufuata, akibweka, mpaka ardhi ikamwishia.

Hatukuimba wala hatukuongea kwa sauti. Mara mbili Odette aliingiza mtumbwi chini ya matawi kwa sababu alisikia injini. Mara ya kwanza haikuwa kitu. Mara ya pili boti ya askari ilipita katikati ya mto, karibu kiasi kwamba nilimwona mmoja wao akila ndizi. Tulibaki chini ya matawi yale mpaka mawimbi yake yakatulia kabisa, na Fina alikuwa ameuma kitambaa chake cha kichwa.

Yanonge tulifikia kwa shangazi yake Odette. Mama yule alitupokea vizuri mno. Akaleta kwanga, mkate wa mihogo, akaleta samaki aliyepikwa ndani ya majani, kisha akaweka mbele yangu bakuli la viwavi, wanene, weusi, wakinitazama. Kwetu hatuli. Nikasema kwa adabu, "Asante mama, nimeshiba." Uso wake ukafunga. Akamwambia Odette maneno marefu kwa lugha yao, akainuka akaondoka.

"Amesema nini?"

"Amesema watu wa Butembo wanaogopa sumu ya watu wa mto. Anasema, kama unafikiri yeye iko mulozi, ulale inje."

Nilimfuata jikoni nikala viwavi sita mbele yake, nimesimama. Yule wa kwanza alinitoa machozi. Wa sita, nawaambia ukweli, alikuwa mtamu. Shangazi akacheka mpaka akashika ukuta, na asubuhi alitupa kasia la ziada.

Yangambi

Mama tuliyemtafuta anaitwa Thérèse. Alikuwa fundi wa mashamba ya majaribio kabla ya vita. Mashamba yenyewe tulikuta majani marefu yameyameza, majengo hayana milango. Nikafikiri tumekuja bure. Lakini alituongoza nyuma ya nyumba yake, na pale, kati ya migomba, ilisimama mihogo ambayo nilikuwa sijaona mfano wake kwa miaka mitatu: majani mapana, ya kijani kibichi, yamekunjuka kama viganja.

"Walikuja kuiba mara tatu," alisema. "Walichukua vitanda, walichukua darubini, walichukua hata vitasa. Bon, miti ya mihogo, hakuna mutu aliiona kama mali. Ndiyo iliniokolea kazi yangu."

Alikuwa hajalipwa tangu vita vianze. Kila msimu alikata, akapanda upya, akang'oa kila mche ulioonyesha doa, peke yake. Nilimuuliza kwa nini. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua.

Alitukatia mafungu manane ya miti, kila fungu la kujaa mikono miwili. Kisha alitufundisha, akaturudishia somo mpaka Fina, asiyesema, akalirudia lote: yakae kivulini, yasimame, upande wa chini uguse udongo wenye maji, yasipigwe na jua hata saa moja. "Majuma mawili," alisema. "Ikipita pale, macho yake inakauka. Donc mutakuwa mumebeba kuni." Macho ni vile vinundu vidogo kwenye mti, panapochipuka jani.

Aliongeza jambo moja. "Musigawane. Mukigawana, kila mama atapata vijiti vitatu, njaa itakuja, atang'oa kabla haijakomaa. Mupande shamba moja kwanza. Mwaka unaofuata mutagawa kwa mji muzima."

Tulisema ndiyo. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo tukiwa kwake.

Kizuizi

Kupanda mto si kama kushuka. Unakwenda ukingoni, unashika matawi, unasukuma kwa mti mrefu pale ambapo kasia halifai. Tuliyafunika mafungu kwa magunia yaliyolowa na majani ya migomba. Siku ya pili baada ya kupita Yanonge, tukiwa upande wa kulia wa mto, risasi moja ilipita juu yetu. Moja tu, jamani, si tatu. Lakini naisikia mpaka leo.

"Leteni mtumbwi!"

Tukauleta. Walikuwa askari kama kumi, na kijiji kidogo nyuma yao. Waliona vitu virefu vimefungwa ndani ya magunia, na kwa mbali, sikatai, hata mimi ningefikiri ni bunduki. Waliyatupa ukingoni, wakakata kamba kwa visu. Miti mitupu, isiyo na jani, ikamwagika juani.

Hapo Odette akafanya kosa ambalo si kosa. Alimwona askari akikanyaga miti, akapiga kelele kwa lugha iliyomjia kwanza, Lingala: "Te! Te! Tozali basi ya kolona!" Alikuwa anasema, hapana, sisi ni wanawake wa kupanda.

Mnajua wenyewe Lingala ilikuwa na maana gani siku zile mbele ya watu wale. Ilikuwa lugha ya jeshi la upande wa pili, chini ya mto. Na sisi tulitoka chini ya mto.

Kamanda wao alikuja polepole. Mtu mwembamba, si mzee, amevaa kandambili. Alimtazama Odette, kisha akanigeukia mimi.

"Wewe unatoka wapi?"

"Kisangani, komanda. Kwetu Butembo."

"Nasikia. Kiswahili yako ni ya kwetu. Huyu mwingine je? Unamujua?"

Sasa nafika mahali ambapo sijamwambia yeyote kati yenu. Nilinyamaza. Ningeweza kusema mara moja, namjua, nimekaa naye meza moja sokoni miaka sita, amenishikia mtoto nikijifungua mwingine. Badala yake nilitazama kandambili za yule mtu na ulimi ukabaki umelala. Nilifikiri juu ya watoto wangu. Nilifikiri, akiniuliza tena nitasema ndiyo. Fina alikuwa ananiangalia. Odette hakuniangalia, alitazama mto.

"Nimekuuliza, mama."

"Namujua," nikasema. "Ni muuza samaki. Ni mutu wa Yanonge. Si mutu wa vita."

"Na hizi kuni?"

"Si kuni. Ni mbegu ya mihogo. Tunaenda kuipanda."

Akaokota mti mmoja, akaunusa. "Mimi nimezaliwa shambani. Mihogo naijua. Nani anapita katikati ya vita siku ine ju ya vijiti? Hapa kuna kitu. Ao ni alama, ao ni dawa." Akawaambia watu wake wapikie hizo kuni. Fungu moja zima likaingia motoni. Miti ilikuwa mibichi, ikatoa moshi mzito mweupe na povu kwenye ncha, na askari wakaanza kukohoa na kutukana.

Labda moshi ule ndio ulimfanya asite. Akasema, "Alors. Wewe wa Butembo, chukua vijiti vyako na huyu asiyesema, muende. Yule wa Lingala anabaki."

Safari hii sikunyamaza. Sijui ujasiri ulitoka wapi. Nafikiri ulikuwa aibu tu. Nikamwambia, "Komanda, unasema mihogo unaijua. Basi tupande hapa, mbele yako. Ikiota, utajua tumesema kweli. Ikikataa, sisi wote watatu tuko mkononi mwako."

Alicheka. Kisha akaacha kucheka. "Mutabaki mpaka iote?"

"Tutabaki."

Fina akafunga macho.

Siku za kungoja

Tulipewa kipande cha ardhi ngumu kando ya bendera yao. Tulitenga fungu moja la kupanda, lakini jembe hatukuwa nalo. Nilianza kuchimba kwa kijiti, na haikuchukua muda nikasikia pumzi ya mtu mwingine karibu yangu. Mama wa kijiji, simjui, amekuja na jembe lake. Hakutusalimu. Alilima mstari mmoja, akasimama kuangalia mti wetu, akauliza kwa sauti ndogo, "Hii haishikwe na ugonjwa?" Nikasema haishikwi. Akaenda, akarudi na wenzake watano.

Mihogo yao pia ilikuwa imekufa. Walileta maji kutoka mtoni, wakaleta majani ya kufunika udongo. Mafungu yaliyobaki waliyachukua mbele ya macho ya askari, wakayasimamisha nyuma ya nyumba ya yule mama, kivulini, ndani ya udongo wenye unyevu, kama Thérèse alivyosema. Mama yule anaitwa Mama Zizina. Jioni hiyo alimwambia kamanda, bila kupandisha sauti, kwamba wageni watalala kwake, na kwamba wanawake wote wa kijiji watalala kwake pia, maana kuna matanga ya ndugu yake. Hakukuwa na matanga. Lakini kwa siku zote tulizokaa pale, wanawake kumi na zaidi walilala wamemzunguka Odette, na hakuna askari aliyeugusa mlango.

Siku zenyewe zilikuwa ndefu. Kila asubuhi tulikwenda kupiga magoti kwenye mistari yetu na kuangalia. Siku ya tatu hakuna kitu. Siku ya tano hakuna kitu, na jua likawa kali hadi udongo ukapasuka. Tukamwagilia mara nne. Askari mmoja alipita akang'oa mti kuona kama una mizizi, akaucheka, akautupa. Nilihesabu majuma mawili ya Thérèse kwa vidole. Odette hakuwa akiongea nami. Alinipa chakula, alinipa maji, hakunipa neno.

Siku ya saba kamanda alipata habari kwenye redio yake ya mawasiliano. Sijui ilisema nini. Alizunguka uwanja mzima, akapiga teke chungu cha watu wake, akaja mbele yetu. "Kesho," alisema. "Mimi sina wakati tena. Kesho."

Siku ya nane Fina aliamka kabla yetu. Tulimkuta amelala kifudifudi kwenye udongo, uso karibu na mti, nikadhani wamemuua. Akainua kidole. Pale kwenye jicho la mti palikuwa na nukta, nyekundu kidogo, ndogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Tukatafuta nyingine. Mstari wa pili tukakuta nukta tatu. Mstari wa Mama Zizina, saba.

Kamanda alikuja amefunga viatu vya safari. Alichuchumaa. Alikaa pale muda mrefu kuliko nilivyotegemea, akagusa chipukizi kwa ncha ya kidole, akasema kitu ambacho nadhani hakikuwa kwa ajili yetu: "Mama yangu alikuwa anasema mihogo inapumua." Kisha akasimama. "Muende. Upesi, kabla ya wengine hawajakuja. Wengine hawatangoja mihogo."

Tulimwachia Mama Zizina mistari yote na fungu moja zaidi. Tulipoanza kusukuma mtumbwi alikuwa anaweka uzio wa miiba kuzunguka mahali pale, kando ya bendera yao, kana kwamba bendera ndiyo iliyoingia shambani mwake.

Kutoka kizuizini hadi nyumbani

Tulipiga kasia siku mbili bila kupika. Mkono wangu ulichubuka mpaka nyama. Karibu na mdomo wa mto Lindi, Odette aliacha kasia lake magotini, akasema bila kugeuka, "Ulinyamaza."

"Nilinyamaza."

"Mimi nilifikiri, bon, nimekufa. Ni Kahindo ameniua, si ule mutu."

Nikamwambia niliogopa, na kwamba nikifumba macho naona uso wake ukitazama mto. Nikamwomba anisamehe. Alipiga kasia tena mara nyingi kabla ya kujibu.

"Siwezi kusema haikuniuma. Inaniuma sasa. Lakini ulibaki siku nane. Nitakusamehea polepole." Kisha: "Chota maji, mutumbwi unajaa."

Tulipofika kwangu tulikuta mmejaa uani, mmevaa vitenge vya huzuni, chungu cha chai kikichemka. Mlikuwa mnatulilia. Padri alikuwa amekwisha kusali. Mama Vero alipotuona alianguka chini, na wengine mkakimbia mkidhani ni mizimu, mpaka Fina, mwenye maneno machache, akapaza sauti: "Sisi wazima! Mutushushe hii mizigo, inakauka!"

Yaliyobaki yalikuwa mafungu matano, na wawili katika kila watu watatu uani hapo walikuwa na shamba tupu. Nikawaambia neno la Thérèse, tusigawane. Mnakumbuka kelele zilizotokea. Mnakumbuka pia Mama Vero, mjane, watoto watano, ambaye juma lile alikuwa anawapikia majani ya porini. Alishika fungu moja kifuani akasema, "Munisamehe. Hii mimi siiachi. Mwaka ni mbali, watoto wangu iko leo."

Hakuna aliyethubutu kumnyang'anya. Niliona mikono mingine ikianza kusogea kwenye mafungu mengine, na nikajua kwamba dakika chache tu zimebaki, kisha kila mtu atakwenda na vijiti vyake, na tutakuwa tumekwenda Yangambi bure.

Ni Odette aliyeketi chini karibu na Vero. Alikuwa bado na matope ya mtumbwi miguuni. Alitafuta Kiswahili chake, kikakatika, akakiunga. "Mimi nitaleta samaki kwako. Kila juma. Mpaka mihogo iko tayari." Hakumtaka aachie fungu.

Nikasema maharage yatatoka kwangu. Mama Régine, wewe ulisema mafuta ya mawese. Mwingine akasema chumvi, mwingine akasema atawachukua wawili kati ya watoto wale mezani kwake. Ilizunguka ua mzima, taratibu, hata walio maskini wakataja kitu. Vero alisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa, fungu bado kifuani.

"Na shamba hilo moja litakuwa wapi?" akauliza.

Hatukuwa tumefikiria.

"Kwako," akasema Fina. "Wewe ndiye hutakubali mutu aibe."

Mama Vero akajifuta uso kwa kitenge. Akainuka na fungu lake mkononi, akavuka ua, akashika njia ya kwake kule karibu na bwawa, akitembea haraka kama mtu anayechelewa. Nasi tukabeba yaliyobaki tukamfuata, na chai ya matanga ikabaki ikichemka peke yake.